Mlango Unaokwaruza

Mume wangu alikuja na suti, lakini suti si jibu. Aliwahi kuivaa hata mahakamani, siku aliyokwenda kukataa kuwa shahidi. Kwa hiyo nilipoiona imening'inia nyuma ya mlango wa chumba tulichopewa na binti yetu, siku tatu kabla ya harusi, sikujipa matumaini.

Tulikuwa ugenini, nchi ambayo hata kutafuta choo ilibidi tuangalie picha ya mwanamke na mwanamume kwenye kibao. Binti yetu, tunayemwita Kitinda kwa sababu ndiye wa mwisho, anafanya kazi huko ya kupima watu macho, na huko huko ndiko alikompata kijana wake. Kijana mwenyewe hana kasoro. Ana adabu, ana kazi, na anaosha vyombo bila kuombwa, hilo nimeliona kwa macho yangu. Tatizo ni dini. Wao ni watu wa hekalu. Sisi ni watu wa kanisa, na mume wangu si wale wa kukaa benchi la nyuma wakisinzia. Ni mzee wa kanisa, na mimbari ya kanisa letu aliichonga mwenyewe. Watu wote wanamwita Fundi, na mimi pia, tangu siku za uchumba.

Ndoa ingefungwa Jumamosi, hekaluni. Fundi alikuwa ametoa kauli moja tu tangu tukiwa nyumbani: "Mguu wangu hautavuka kizingiti cha nyumba ile." Hakusema atakuja, hakusema haji. Jumatano saa kumi alasiri wazazi wa kijana wangefika kwa Kitinda kusikia kama baba wa bibi harusi atakuwepo, au watafute mtu mwingine wa kumsindikiza mtoto wetu. Mtu baki! Nilikuwa silali.

Kitinda, kwa akili za watoto wa siku hizi, akatulipia matembezi ya Jumatano hiyo hiyo asubuhi. Kanisa kuu kwanza, kisha msikiti wa kale, na mwisho hekalu lenyewe.

"Baba akiliona tu, moyo utalainika," alininong'oneza jikoni.

"Moyo wa baba yako ni mbao ya mninga," nikamwambia. "Haulainiki. Unapigwa randa."

Akanipa kipeperushi. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya mlango wa hekalu: mbao nyeusi, nakshi ya majani, na juu ndege wawili wanaotazamana. Nikakiweka mezani karibu na kikombe cha Fundi. Fundi akachukua kikombe, akageuza uso dirishani, akanywa chai yake kana kwamba dirisha ndilo limempikia. Nikakitia kipeperushi kwenye mkoba.

"Mama, sikiliza," Kitinda akasema tulipofika kwenye ofisi ya matembezi. Yeye alikuwa anawahi kazini. "Mmebandikwa stika ya kijani. Gari lenu la kijani. Anayewaongoza ana kitu cha kijani. Mkipotea, fuateni kijani. Na kuna sehemu mtashiriki shughuli za wenyeji, msikatae."

Maelezo ya namna hiyo ndiyo ninayoyapenda. Mimi ni mtunza stoo ya hospitali kwa miaka ishirini na miwili, na kwetu rangi ni amri. Nyekundu usiguse, njano subiri, kijani imekaguliwa, toa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kanisa kuu lilikuwa kubwa kuliko soko letu. Kijana wa kutuongoza alijua lugha tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa yetu. Watu walitazama juu kwenye vioo vya rangi. Fundi alitazama chini kwenye mabenchi. Alipiga magoti, nikadhani anasali, kumbe anapapasa viungo.

"Hawakutumia msumari hata mmoja," akasema.

"Simama, watu wanakutazama."

"Waache watazame. Ndicho walicholipia."

Mimi nikashikwa na haja. Nikafuata picha ya mwanamke, Fundi akanifuata nyuma kwa sababu hakutaka kubaki peke yake na lugha tatu. Tulipomaliza tukatokea mlango mwingine, si ule tulioingilia. Mbele yetu uwanja mtupu na njiwa. Wenzetu hawapo. Nikageuka kushoto, hakuna. Nikageuka kulia, nikaona mwavuli wa kijani.

Mwenye mwavuli alikuwa mama mnene wa umri wangu, na karibu naye watu kama kumi na watano, wengi wazee, wanapanda gari dogo. Kila mmoja alikuwa na utepe wa kijani kifuani.

"Hawa hapa," nikasema.

"Mbona sura siwajui?" Fundi akauliza.

"Sura za asubuhi ulizijua? Panda."

Mama Mwavuli alikuwa na orodha. Alituangalia sisi, akaangalia orodha, akaangalia stika zetu. Akasema kitu. Nikagonga stika yangu kwa kidole, nikasema, "Kijani." Akacheka, akatupiga mabegani, akaandika kitu chini kabisa ya karatasi. Tulipewa viti vya mbele na chupa za maji. Kila aliyepita alitushika mkono. Nikasema moyoni, hapa kweli mgeni anathaminiwa.

Gari lilizunguka mitaa myembamba na kusimama nyuma ya ukuta mrefu, kwenye uwanja wenye mabomba ya maji na banda la vifaa. Hakukuwa na lango la maana wala mtu wa kukata tiketi. Tukaambiwa kwa ishara tuvue viatu. Nikahesabu kwa vidole: cha kwanza kanisa, cha pili msikiti. Viatu vimevuliwa. Basi hapa ni msikitini. Nikamwambia Fundi, naye akakubali, akavua viatu vyake kwa heshima zote na kuvipanga sambamba kama vyuma vya reli.

Kisha tukapewa aproni za kijani. Kisha mafagio.

Fundi alitazama fagio, akanitazama mimi. Aproni ilimbana tumboni na kumfika magotini, kama mtoto wa chekechea siku ya kupaka rangi.

"Hii ni nini?"

"Shughuli za wenyeji. Kitinda alisema tusikatae."

"Yaani mtoto amelipa pesa ili baba yake akafagie?"

"Nyumbani umegoma miaka thelathini na mmoja. Labda ameona huku ndiko utakakofundishika."

"Bibi wee," akasema, "kuna kitu hakijakaa sawa hapa."

Na mimi nilijua kuna kitu hakijakaa sawa. Wale watu hawakuwa wanapiga picha. Hakuna aliyetuelezea jengo lilijengwa lini na nani alizikwa wapi. Walikuwa wamefunga vilemba kichwani na kufanya kazi kweli kweli, kama sisi siku ya kusafisha wodi kabla ya mkaguzi kuja. Lakini kijani ni kijani. Na kama ni kosa, nitalielezaje, kwa lugha gani? Nikaanza kufagia.

Ndani mlikuwa na ujia, halafu ukumbi mkubwa mno. Mazulia yamekunjwa na kuegemezwa ukutani. Kila kitu kilichosimama kilikuwa kimefunikwa shuka nyeupe kuzuia vumbi, kuanzia vidogo vya kufika kiunoni hadi kirefu kimoja kilichokaribia dari. Ungesema ni nyumba ya tajiri aliyesafiri. Fundi aliuliza kuna nini chini ya shuka. Nikamwambia mimi najuaje, na asifunue kitu cha watu.

Kati ya ujia na ukumbi kulikuwa na mlango mkubwa wa mbao wa pande mbili. Upande mmoja ulifunguka vizuri. Wa pili, wazee wawili waliushika, wakaunyanyua kidogo, wakausukuma kwa mabega, nao ukatoa sauti ya kukwaruza sakafu ambayo niliisikia hadi kwenye meno. Kwenye jiwe la sakafu kulikuwa na alama nyeupe ya robo duara, imechimbika. Mlango ule ulikuwa na miaka unalia hivyo.

Nilimwona Fundi akigeuza kichwa kama mama aliyesikia mwanawe analia chumba cha pili.

"Bawaba ya juu imechoka," akasema. Hakuwa anasema na mimi.

"Tulia. Si mlango wako."

Nilikuwa naongea na hewa. Alikwisha weka fagio chini. Akachuchumaa, akatoa futi mfukoni, ile futi anayotembea nayo hata kwenye misiba, akapima nafasi ya chini, akapima ya juu, akachomoa penseli sikioni na kuandika kwenye kiganja. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na ndoo akasimama. Fundi akamwonyesha bawaba, akatikisa kichwa kwa huzuni, akazungusha kidole hewani kama anayekaza skrubu. Mzee wa Ndoo akaweka ndoo chini, akaenda mbio, akarudi na sanduku la vifaa lenye vumbi.

Nikawaacha. Mwanamume aliyepata mlango mbovu hana habari na mkewe. Mama Mwavuli akanipa kitambaa na mafuta ya kusugulia mbao, akanionyesha upande wa pili wa mlango ule ule, yaani unaoelekea ukumbini. Ulikuwa mweusi kwa moshi na vumbi. Nikaanza chini, nikapanda. Yakatokea majani. Nikasugua, yakatokea majani mengine. Nikapanda kwenye kigoda, nikasugua juu.

Akatokea ndege. Nikasugua pembeni yake, akatokea wa pili, anamtazama mwenzake.

Niliteremka kigodani polepole. Nikajifanya natafuta leso, nikafungua mkoba, nikachungulia kipeperushi bila kukitoa. Majani yale yale. Ndege wale wale. Si msikiti, si makumbusho, si nyumba ya tajiri. Tulikuwa ndani ya hekalu la wakwe zetu, tumeingia kwa mlango wa nyuma, na mzee wetu wa kanisa alikuwa amelala chali kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, bisibisi mdomoni.

Mimi si mtu wa kuficha. Dawa ikiwekwa rafu isiyo yake nasema hapo hapo, hata kama aliyeiweka ni daktari mkuu. Nikafungua mdomo. Nikamwona anavyopapasa ule ubao kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, akifumba macho. Nikafunga mdomo. Nikaufungua tena. Nikimwambia, atasimama, atavua aproni, na huo ndio utakuwa mwisho wa habari, hatarudi Jumamosi wala siku nyingine. Nisipomwambia, nimemdanganya mume wangu juu ya kitu alichokiapia. Lipi ni baya zaidi? Sikujua. Nilisugua ndege mmoja mpaka mbao ikaanza kuwa nyekundu.

"Mama watoto!" akaita kutoka chini.

"Nini?"

"Njoo ushike hapa, huyu mzee anatetemeka."

Nikashika. Akatoa skrubu za zamani, moja moja, akaziba matundu kwa vijiti vya mbao alivyochonga, akasogeza bawaba nafasi ya upana wa kidole. Akauteremsha ubao wa mlango sakafuni kwa msaada wa wazee wanne, akapiga randa ukingo wa chini. Randa ilikuwa butu, akaitukana. Akainoa kwenye ukingo wa jiwe la ngazi, akaiomba radhi. Alitoka kwenda uani, akaingia, akatoka, akaingia, mara kuchukua kipande cha mbao, mara msasa. Nilijaribu kuhesabu mara ngapi alivuka kizingiti. Nilipofika ishirini na sita nikaacha.

Wale wazee walikuwa wamesimamisha kazi zao zote, wanamtazama. Mmoja alisema kitu, wote wakacheka. Fundi akawajibu kwa lugha yetu, "Cheka tu, lakini miaka yote mlikuwa mnasukuma kwa bega kama ng'ombe," wakacheka zaidi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona ana furaha namna ile.

Halafu nikatazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika ishirini.

Saa kumi wakwe wangekuwa wamekaa sebuleni kwa Kitinda, na sisi hatujui tuko mtaa gani. Simu yangu ilikuwa haina mtandao tangu tushuke kwenye ndege. Nikampa Mama Mwavuli karatasi yenye namba ya mtoto, nikaweka kiganja sikioni kuonyesha simu. Akapiga. Akaongea, akanitazama, akaongea, akashika kifua. Kisha akanipa.

"Mama!" Kitinda alikuwa karibu kulia. "Gari la matembezi linawatafuta tangu saa tano! Nimeambiwa mmepotea, nimewapigia hata polisi. Huyo mama anasema mko na wasafishaji wa kujitolea. Mama, mmefikaje huko? Unajua hapo ni wapi?"

"Najua," nikasema kwa sauti ya chini.

"Baba anajua?"

Nikamtazama Fundi. Alikuwa anapuliza vumbi la mbao kwenye bawaba.

"Wewe njoo tu."

Walifika watatu: Kitinda, kijana wake, na baba wa kijana, mwanamume mrefu, mkimya, kavaa koti la heshima kwa ajili ya kikao cha saa kumi. Waliingilia mbele, kwa hiyo walitokea ukumbini, wakatembea katikati ya zile shuka nyeupe mpaka kwetu. Fundi na wazee wale walikuwa wamekwisha kuurudisha mlango mahali pake, ila skrubu za mwisho za bawaba ya juu zilikuwa bado. Aliushikilia ubao kwa bega, mikono imeinuliwa juu.

Kitinda hakungoja hata salamu. "Baba! Umeingia hekaluni!"

Nilitamani sakafu ifunguke. Wazee wa aproni hawakuelewa neno, lakini walielewa sauti. Fundi hakusogea. Alitazama shuka. Alitazama baba wa kijana. Alitazama miguu yake mwenyewe, soksi moja ya bluu ndani, soksi moja ya bluu nje.

"Hapa ndipo?" akauliza.

"Ndipo, Baba."

Mabega ya Fundi yalikuwa yanatetemeka kwa uzito, nikajua hawezi kuondoka hata akitaka. Akiuachia mlango ule, utawaangukia wazee wa watu.

"Mwambie mkwe aje ashike upande huu," akasema mwishowe. "Bega langu linakufa ganzi."

Mkwe. Nilisikia vizuri, na Kitinda alisikia. Kijana, aliyekwisha kujifunza lugha yetu kwa Kitinda, akamtafsiria baba yake. Yule bwana akavua koti, akamkabidhi mwanawe, akaweka bega lake pale bega la Fundi lilipokuwa. Koti la heshima bila mwenyewe, na mwenyewe na vumbi la mbao kwenye shati jeupe. Fundi akakaza skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

"Achia," akasema, naye mkwe akaelewa bila kutafsiriwa.

Fundi akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukaenda. Ukafika mwisho. Hakukuwa na sauti yoyote, isipokuwa Mzee wa Ndoo aliyepiga makofi na Mama Mwavuli aliyeanza kujipangusa macho kwa aproni. Miaka yote walipenda mlango wao, na sasa mgeni asiyejua hata salamu yao ameutibu.

Kitinda alikuwa bado amesimama pale pale. "Baba, wamekuja kusikia jibu."

"Wamekuja au mimi ndiye niliyewafuata?"

"Fundi," nikasema, maana nilikuwa nimechoka. "Tumetoka mbali. Mtoto anakuuliza. Sema ndiyo au sema hapana, na useme kwa mdomo, si kwa bisibisi."

Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Mambo yao ya humo ndani siyajui, na sitajifanya nayajua," akasema. "Sitapiga magoti. Wasinishike kichwa, wasinimwagie kitu. Lakini mtoto wangu hasindikizwi na mtu baki. Nitamleta mpaka hapa." Akagonga kizingiti kwa kisigino. "Na mlango nitaufungua mimi."

Kijana akatafsiri. Yule mkwe akafikiri kidogo, akajibu maneno machache. "Anasema," kijana akasema, "mwenye kuutengeneza ndiye mwenye haki ya kuufungua." Fundi akaitikia kwa kichwa, kama wanavyoitikiana mafundi wawili wakikubaliana urefu wa mbao. Kitinda akamkumbatia baba yake na aproni yake, vumbi likamwingia machoni, au ndivyo alivyosema.

Tulirudi uani kuvaa viatu, mimi na yeye peke yetu. Dhambi ilinikaa shingoni. Nikatoa kipeperushi, nikamwekea magotini.

"Nilijua," nikamwambia. "Tangu nilipomsugua ndege wa kwanza. Nikanyamaza. Sasa kasirika tumalize."

Alikitazama kwa muda. Mara ya kwanza anakitazama, au ndivyo nilivyodhani.

"Picha yao si nzuri," akasema. "Pale mezani asubuhi nilidhani ndege wa kulia amekatika mkia. Kumbe ni kivuli."

"Pale mezani asubuhi?"

Akaingiza mguu kwenye kiatu.

"Ulikiona? Ina maana ulipouona mlango uliujua? Lini, Fundi? Mwanzo, au baada ya kuuweka chini?"

"Funga kamba zako," akasema. "Wakwe wamesimama."

Akasimama, akavua aproni, akaikunja vizuri mara nne na kuitia mfukoni mwake, wakati ilitakiwa irudishwe bandani. Mpaka leo sijui ni nani alimdanganya mwenzake siku ile. Jumamosi alivaa suti, na penseli ilikuwa sikioni. Nilimwambia aitoe. Akasema huenda ikahitajika.